Neno Nililolifuta Kwenye Msalaba wa Baba

Haya ninayotaka kuwaeleza sijawahi kuyasema yote kwa mkupuo mmoja, maana kila nikianza nafika katikati nacheka ili na wenzangu wacheke, halafu mwisho wake nauacha, na mwisho ndio wenye aibu yenyewe. Leo nitaufikia. Msinisaidie kwa kuniambia kwamba hata nyinyi mngefanya hivyo. Hamkufanya. Nilifanya mimi, mchana, mbele ya ukoo mzima, nikiwa na akili zangu na sijaonja pombe (ningekuwa nimeonja, angalau ningekuwa na cha kusingizia).

Baba yangu, Mzee Gaspari, alikuwa mwashi. Kazi alijifunza ujanani kwa padri mmoja mzungu aliyekuja kujenga kanisa kijijini kwetu, huko juu uwandani, ukitoka Sumbawanga mjini kama unaelekea Chala. Walijenga wote wawili mpaka paa, na alichokipata baba kwa padri yule kuliko vyote ni namna ya kujenga madirisha na milango ambayo juu haiishii bapa wala haiishii mviringo, bali pande mbili zinapanda zikiinamiana mpaka zinakutana kwenye ncha. Alikuwa anagongelea misumari miwili kwenye mbao, mmoja huku na mmoja kule, anafunga kamba kwenye msumari wa kushoto, anaivuta hadi wa kulia na kuchora akipanda, kisha anahamishia kamba msumari wa kulia na kuchora kutoka kushoto, na pale mistari inapokutana ndipo ilipo ncha. Mbao zikishakatwa kwa mchoro huo anazisimamisha ukutani, anapanga matofali juu yake kutoka pande zote mbili kwa pamoja, tofali la mwisho linaingia katikati kule juu, na baada ya siku chache anaziondoa mbao na matofali yanabaki yameshikana yenyewe hewani. Nimeliona jambo hilo mara nyingi tangu utoto na bado silielewi, ndiyo maana mimi nikawa fundi baiskeli.

Ujenzi wa namna hiyo padri aliuita Gothic (haya nimeyajua baadaye sana), na baba naye akauita hivyo hivyo. Kwenye kifuniko cha sanduku lake la vifaa aliliandika neno hilo kwa rangi nyeupe, herufi kubwakubwa, na kila rangi ilipofifia aliipaka upya. Mtu akimuuliza kazi yake hakusema mwashi, alisema, "Mimi ni fundi wa Gothic," kisha akanyamaza kama amemaliza maelezo. Hata nyumba yetu aliitia madirisha ya ncha, kwa hiyo shuleni tuliitwa watoto wa kakanisa, na alikuwepo jirani mmoja, akitoka kilabuni jioni na kupita mbele ya nyumba yetu, anavua kofia na kupiga ishara ya msalaba (hatukujua kama anatudhihaki au amepotea kweli). Sisi watoto tulilikuta neno Gothic mle ndani kama tulivyolikuta jiko. Nani anauliza maana ya jiko?

Baba akafariki. Sitaeleza ugonjwa wake, haukuwa mrefu. Nilikuwa mjini, Mazwi, na kibanda changu cha baiskeli, nikafika wamekwisha kumwosha.

Kwetu mtu akishazikwa, kaburi linaachwa udongo utulie, na baada ya mwaka hivi ndugu wanakusanyika kuweka msalaba. Wanawake wanapika pombe ya ulezi, katekista anabariki, watu wanakula, na hapo ndipo msiba unasemekana umefungwa. Zamani msalaba ulikuwa wa mbao. Saruji ilikuwa kitu cha kibali, unaandika barua unasubiri mpaka unasahau ulitaka kujenga nini. Lakini mwaka huo biashara ilikuwa imekwisha kufunguliwa, kila mwenye chochote anauza, saruji ikawa inakaa dukani kama chumvi, na mjini, pale Majengo, wakatokea vijana wanaofyatua misalaba ya saruji pembeni ya barabara, wanaipanga imeegemea ukuta, mtu unapita na mkate wako unachagua. Ndiyo ikawa fasheni. Marehemu aliyewekewa wa mbao akaonekana kama hana watoto. Na ni wakati huo huo kila duka lilikuwa linapakwa jina la Kiingereza, mwenye duka mwenyewe hajui limeandikwa nini, ila ameliona kwenye katoni ya sabuni likampendeza. Nasema hivi si kwa kujitetea. Nasema ili mjue hewa tuliyokuwa tunavuta.

Nilikwenda kwa kijana mmoja aliyeitwa Bosko. Alikuwa anamimina saruji kwenye fremu, na ikiwa bado mbichi anaandika kwa msumari, mwandiko mzuri sana. Akaandika jina la baba, akaandika Apumzike kwa Amani, kisha akarudi nyuma akatazama kazi yake.

"Kaka, hapa chini pamebaki peupe," akasema. "Wengine wanaweka kazi ya marehemu. Mzee alikuwa nani?"

"Andika Fundi wa Gothic."

Nikamtajia herufi moja moja, maana nilizijua kwa macho kutoka kwenye sanduku. Akaandika, akasimama.

"Gothic ndiyo nini?"

Hapo ndipo palipoharibikia. Ningesema sijui, Bosko angeitikia poa, tungeendelea. Lakini palikuwa na vijana wengine wawili watatu wamekaa juu ya matofali wanatusikiliza, na mimi nilikuwa nimevaa koti (la mitumba, lakini kwangu jipya), nikaona haya mtu mzima na koti nisijue kazi ya baba yangu.

"Ni cheo," nikasema. "Cheo cha ufundi cha Ulaya. Hawapewi wengi."

"Duh! Kumbe mzee alikuwa kichwa!"

"Alikuwa," nikasema, na kwa kweli nilijisikia vizuri. Ule uongo ulinikaa mwilini kama lile koti.

Siku mbili baadaye nikaupandisha msalaba kwenye lori lililokuwa linakwenda kuchukua mahindi, nikakaa nao nyuma nimeukumbatia kama mgonjwa ili usigonge. Kando yangu alikaa mzee mmoja wa Kisukuma, wale wafugaji waliohamia bondeni na ng'ombe wao, akausoma polepole mpaka mwisho, akaniuliza lile neno la chini. Nikamwambia lile la cheo. Akafikiri mpaka tukapita kilima kizima.

"Sasa, cheo hiki na cha bwana shamba," akasema, "kikubwa kipi?"

"Hiki," nikamjibu.

"Na cha mkuu wa wilaya?"

"Hapo wanakaribiana."

Mnaona? Hakuna aliyenilazimisha.

Nyumbani alinipokea Baba Mdogo Krispini, mdogo wake baba na mkubwa wa ukoo sasa. Ni mtu wa sauti na wa suti. Alipousoma msalaba akauliza lile lile, nikamjibu lile lile, akashika kiuno.

"Kumbe kaka alikuwa mtu mkubwa hivi na hakutuambia!"

"Si unamjua, hakuwa msemaji."

"Hapana, hili haliwezi kupita kimya." Akaita kijana wa baiskeli hapo hapo, akamtuma mjini kwa Mwalimu Filibert, mkwe wake, aliyekuwa anafundisha sekondari. "Mwambie aje Jumamosi na lile kamusi lake kubwa la Kiingereza. Atasoma maana ya cheo cha kaka mbele ya watu wote, halafu atatafsiri. Wale wanaosema ukoo wetu ni wa kukanyaga udongo wasikie."

Ilikuwa ni Alhamisi. Maana yake nilikuwa na siku mbili nzima za kwenda kwa Baba Mdogo na kusema, Baba Mdogo, nilikudanganya, neno lile silijui. Sikwenda. Nilijipa moyo kwamba labda kweli ni cheo. Nikafikia mahali nikawa naomba, kwenye rozari ya jioni kabisa, kamusi iniunge mkono.

Na kuna jambo jingine, hili ndilo ninaloliruka siku zote. Ijumaa mchana msalaba ulikuwa umelazwa sebuleni umefunikwa shuka. Mama akaingia na unga mikononi, akainama, akagusa shuka.

"Mmemwandikia nini?"

"Utaona kesho, mama."

"Mimi nitaonaje, mwanangu? Nisomee."

Mama hakusoma. Nikacheka kidogo, nikamwambia kesho Mwalimu atamsomea kila mtu. Akaniangalia, akarudi jikoni. Haikunijia hata mara moja kumuuliza yeye maana ya neno aliloishi nalo nyumba moja miaka yote hiyo. Niliwaza Mwalimu, niliwaza kamusi, niliwaza mapadri wa mjini. Yeye sikumuwaza kwa sababu hakusoma. Naliacha hivyo hivyo, sina namna nzuri ya kulisema.

Jumamosi watu wakaja, na wengi kuliko tulivyotegemea, kwa sababu habari za cheo zilikuwa zimetembea. Makaburi ya ukoo yako chini kidogo ya nyumba. Msalaba ulikuwa umesimamishwa tayari, katekista akasali, akafunua shuka, akabariki, akaweka ndoo yake ya maji ya baraka chini ya mkono wa msalaba, akakaa. Wanawake walikuwa nyuma na vyungu vyao, mama katikati yao. Baba Mdogo akapanda kwenye jiwe.

"Ndugu zangu! Marehemu mlimjua kama mwashi. Leo mtamjua vizuri. Anselimi, simama ueleze."

Anselimi ndiye mimi. Nikasimama. Ningeweza kuishia hapo pia, ningesema nimeshindwa kwa uchungu, watu wangeelewa. Badala yake nikaeleza cheo kile kinavyotolewa, namna padri alivyopeleka jina la baba Ulaya, namna lilivyorudi limekubaliwa (kwa meli, nilisema, sijui meli niliitoa wapi), na nikamalizia kwamba nchi nzima waliokuwa nacho hawazidi watatu. Watu wakapiga makofi. Kaburini.

"Sasa Mwalimu," akasema Baba Mdogo, "tia muhuri."

Mwalimu Filibert alikuwa mtu mpole, na alikuwa amekwisha kuusoma ule ukurasa, nikamwona usoni. Akafungua kamusi taratibu kama mtu anayefungua kidonda cha mtu mwingine.

"Ni mtindo wa kujenga," akasema. "Wa Ulaya, wa zamani. Matao yenye ncha, kama madirisha yale ya kanisani."

"Na cheo?"

"Cheo hakipo, Baba."

"Soma vizuri. Kitakuwa chini huko."

Watu wakaanza kucheka kidogo. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

"Chini hapa wameeleza asili ya neno," akasema Mwalimu. "Naona inatosha, Baba."

"Haitoshi! Soma! Watu wametoka mbali!"

Mwalimu akanitazama mimi kwanza, nadhani alikuwa ananiomba nimwokoe, kisha akasoma kwa Kiingereza na kutafsiri kwa sauti ndogo. Kwamba neno hilo limetoka kwa Wagothi, kabila la kale lililovamia na kuharibu miji ya watu. Kwamba waliouita ujenzi ule kwa jina hilo walikuwa wanaudharau. Na kwamba maana yake nyingine ni isiyo na ustaarabu, ya kishenzi.

Nikasikia kuku wakiparua nyuma ya jiko. Kisha mtu huko pembeni, sikumwona ni nani, akasema si kwa sauti kubwa lakini ya kutosha:

"Fundi wa Kishenzi. Apumzike kwa Amani."

Kicheko kikapasuka. Walicheka hata wa upande wetu, waliziba midomo kwa mikono lakini mabega yao yalitikisika. Baba Mdogo akashuka kwenye jiwe, akaja mpaka usoni kwangu.

"Anselimi. Umemwandika kaka yangu mshenzi?"

"Baba Mdogo, mimi sikujua..."

"Hukujua? Meli ulijua!"

"Nisamehe."

"Sisi watu wa huku hatujaitwa majina ya kutosha? Mjini wanatuita, Dar es Salaam wanatuita, kila anayesikia unatoka wapi anakuita. Sasa na wewe unamwandika baba yako, kwa saruji! Futa!"

"Baba Mdogo, tumalize kwanza sala..."

"Futa sasa hivi, watu hawa wakiwa hapa, waone limefutwa!"

Wengine wakadakia, futa, futa. Nikakimbia nyumbani. Nyundo na tindo nilizijua zilipo, ndani ya sanduku la baba, nikafungua kifuniko kile chenye neno lile lile jeupe kabisa mbele ya macho yangu, nikachukua vifaa vyake mwenyewe, nikarudi mbio. Nikapiga magoti. Nilikuwa nalia, lakini nilikuwa nalia aibu yangu, sikuwa namlilia yeye.

Nilipoinua nyundo nilimsikia mama kule nyuma. Alisema kwa Kifipa chetu, neno moja, acha. Hakupiga kelele. Nilisikia. Sitasema sikusikia, wala sitasema nilidhani anamwambia mtu mwingine. Nilisikia nikaona kwamba wanaume wamekwisha kuamua, nikapiga.

Herufi ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili pia. Lakini msalaba haukuwa umekauka ndani, Bosko aliniambia niungoje na mimi nikawa na haraka, na mimi si mwashi, nilikuwa napiga kama mtu anayenyoosha ringi ya baiskeli. Nilipofika katikati ya neno nikasikia kitu kama tawi linakatika. Mkono wa kulia wa msalaba ukaachia, ukaanguka wima ndani ya ndoo ya maji ya baraka, na maji yote yakaruka yakamkuta Baba Mdogo kuanzia tai mpaka viatu.

"Krispini kabatizwa tena!" akasema mzee mmoja, na safari hii hakuna aliyeziba mdomo. Katekista mwenyewe aligeuka akatazama mashambani.

Nikamaliza kufuta. Ndiyo, niliendelea mpaka herufi ya mwisho, msalaba ukiwa na mkono mmoja, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Watu wakala, wakanywa, wakaondoka mapema. Mwalimu Filibert alinishika bega akaniambia, "Nisamehe, kaka," nikamwambia hakuna neno, na lilikuwepo.

Jua likiwa linashuka nikamwona mama yuko kule kaburini peke yake, amechuchumaa. Alikuwa anaokota vipande vya saruji nilivyovitoa, vile vyenye mikwaruzo ya herufi, anaviweka kwenye pindo la kitenge. Hajui kusoma, kwa hiyo aliokota vyote.

Asubuhi nikamfuata jikoni. Nikakaa kwenye kigoda cha baba, nikakumbuka, nikahamia chini.

"Mama, nisamehe. Nilimwandika baba tusi."

"Nani kakwambia ni tusi?"

"Mwalimu. Limo kwenye kamusi."

"Mwalimu hakusema uongo," akasema, huku anakoroga uji. "Lilikuwa tusi. Baba yako alijua. Alinieleza kabla hajanioa."

Akaendelea taratibu, kama mtu anayesimulia habari za jana.

"Padri alimwambia kuna watu walijenga makanisa ya ncha, marefu, huko kwao. Miaka mingi ikapita, wakaja wengine waliojiona wao ndio wenye akili, wakayacheka, wakasema haya ni ya Wagothi, ya watu wa porini. Na hao Wagothi wenyewe walikuwa wamekwisha kufa zamani, hata tofali moja hawakuliweka pale. Ilikuwa ni kudharau tu. Jina likaganda. Halafu wakaja watu wengine tena, wakayapenda, wakawa wanasafiri kwenda kuyatazama, na jina hawakulibadilisha. Wakalisema lile lile, ila sasa kwa heshima."

"Baba alikwambia hayo?"

"Alikuja kwetu kunichumbia, kaka zangu wakamwita mtu wa matope, kwa kuwa alikuwa anakanyaga udongo wa matofali ya kanisa. Wakasema binti yetu hatumpi mtu wa matope. Nililia. Yeye hakukasirika. Akanieleza habari ya jina hilo, akasema, waache waniite, nitajenga mpaka waone haya wao. Siku hiyo ndiyo nilimkubali. Na wiki tuliyofunga ndoa alilipaka kwenye sanduku."

Uji ulikuwa unachemka. Nikauliza swali ambalo nalijutia kuliko hata nyundo.

"Sasa mama, kwa nini hukusema pale mbele ya watu?"

"Nilisema acha."

Hakusema kwa hasira. Alinimiminia uji akanipa.

Nikamwambia nitarudi Majengo, nitafyatulisha msalaba mwingine, nitaliandika neno upya, nitauleta kimya kimya katikati ya wiki. Akatikisa kichwa.

"Kimya kimya hapana. Ulilifuta mbele ya watu. Ukilirudisha, waite watu hao hao, useme na maana yake."

Nikasema nitafanya. Nilimaanisha, naapa. Lakini mwaka ule ulezi haukutosha kupika pombe ya watu. Mwaka uliofuata Baba Mdogo alikuwa bado hanisemeshi. Uliofuata nilihamisha kibanda. Ukitafuta sababu kila mwaka unazo, na yangu ya kweli ilikuwa moja tu, kwamba ili nieleze neno la baba ningelazimika kuanza kwa kusema kwamba nilidanganya, cheo, Ulaya, meli na vyote, mbele ya nyuso zile zile. Nilikuwa naogopa kicheko. Mama akawa anakwenda kufyeka majani kaburini kwenye msalaba wa mkono mmoja, anarudi, hasemi kitu. Aliniuliza mara mbili tu katika miaka yote hiyo. Mara ya pili hakuuliza hasa. Alisema, "Nataka nilisikie nikiwa hai," akabadilisha maneno, akauliza habari za watoto.

Hakulisikia.

Nilisimama siku ya kuweka msalaba wa mama. Nilifyatulisha miwili, wake na wa baba, na nikaiacha ikauke wiki tatu. Nikaita watu, nikaeleza yote, nilivyomdanganya Bosko, nilivyodanganya kwenye lori, nilivyodanganya juu ya kaburi, kisha nikaeleza habari za makanisa na walioyacheka na walioyapenda, na kaka zake mama na mtu wa matope. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Hakikuja. Nusu ya waliokuwepo walikuwa watoto wakati ule au hawakuwa wamezaliwa, walinisikiliza kwa adabu kama wanavyosikiliza matangazo ya kanisani. Mwalimu Filibert alikuwa amehamishwa mkoa. Baba Mdogo Krispini alikuwa amekaa mbele na fimbo yake, masikio yamemwishia.

"Anasemaje?" akauliza.

Mjukuu wake akamwinamia. "Anasema lile neno halikuwa tusi, babu!"

"Neno gani?"

Alikuwa amesahau. Wote walikuwa wamesahau. Aibu niliyoikimbia miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa ameitunza isipokuwa mimi, na mtu mmoja aliyekuwa ananingoja niseme alikuwa chini ya udongo, hatua mbili kutoka niliposimama. Nikamwendea Baba Mdogo, nikapiga magoti, nikamweleza tena sikioni, taratibu, tangu mwanzo. Akasikiliza mpaka mwisho, akanipapasa kichwa akasema, "Kaka alijenga vizuri," na kusema kweli sijui kama alinisikia.

Siku hizi mtu akiniuliza jambo nisilolijua namwambia sijui. Wateja wananishangaa, mtu kaleta baiskeli inalia, anauliza inalia nini, namjibu sijui, anatazamana na mwenzake, fundi gani huyu. Wacha watazamane. Na kila ninapotaka kujua kitu, kabla sijamtafuta mwenye kamusi, namtafuta kwanza aliyeishi nacho, kasoma hajasoma, nakaa chini namuuliza, na akiniambia acha, naacha. Nimejiapisha hivyo na nimeshika mpaka leo. Ila wakati mwingine niko kibandani peke yangu, nalitamka lile neno kwa sauti, na maana yake, kama nilivyopaswa kulitamka akiwa amekaa kule nyuma kati ya wanawake, halafu naendelea na kazi.